Hatua Kumi na Nne za Uani

18 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha. Nimefika saa nne asubuhi, suruali imejaa tope jeusi la mbuga hadi magotini. Kijiji kiko mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Samuye, barabara ikiwa kavu. Jina lake siliandiki.

Mhariri anataka makala ndefu kuhusu dawa za miti shamba wanazotumia wajawazito: nani anawapa, kwa nini wanazitumia, zinafanya nini. Amenipa msimu mzima wa mvua, jambo ambalo hajawahi kunipa kwa miaka ishirini na tatu ya kazi hii. Nimeomba kukaa kwa mkunga wa jadi siku mbili tatu kila wiki. Anaitwa Sesilia, mjane, umri wake anaukisia kuwa sitini na tano. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimezaa mara ngapi. Nikamwambia mara moja, Nassibu, yuko chuoni Mwanza.

"Mara moja tu, halafu umekuja kuandika uzazi," alisema.

Tangu hapo mimi ni Mama Nassibu, na daftari langu ni kichekesho cha nyumba nzima.

23 Novemba

Nimemwona akifanya kazi. Mwanamke alikuja na mama yake, uchungu umeanza alfajiri. Bibi Sesilia alinawa mikono kwa maji ya moto na sabuni ya mche, akamlaza kwenye mkeka, akamshika tumbo kwa muda niliousoma kwenye saa yangu: dakika kumi na moja. Baadaye aliuliza maswali manne, na nimegundua kwamba humwuliza kila mwanamke hayohayo kwa mpangilio uleule. Uchungu umeanza lini? Maji yametoka, na yana rangi gani? Mtoto amecheza leo? Tangu jana umekunywa dawa ya mtu mwingine?

Akiridhika na majibu, ndipo anapofungua kikapu. Dawa ya kuharakisha uchungu ni mzizi, na huufunga katika vitita vya aina tatu, kwa mafundo ya uzi wa katani: fundo moja kwa anayezaa mara ya kwanza, mawili kwa mara ya pili na ya tatu, matatu kwa aliyezaa zaidi. Huuchemsha na kuupima kwa kikombe cha bati kilichokunjika ukingo. Asiporidhika hufunga kikapu na kusema, "Huyu si wangu, mpelekeni zahanati kwa Violeth." Leo alifunga. Maji yalikuwa ya kijani.

Nilimwuliza mzizi ni wa mti gani. Akaniuliza kama gazeti letu huandika namba za siri za benki za watu.

24 Novemba

Mvua. Nimelala mjini.

2 Desemba

Zahanati iko ng'ambo ya korongo, kilomita nne. Violeth ni muuguzi mkunga, miaka thelathini na mbili, yuko peke yake tangu mwenzake alipohamishwa. Alinionyesha chupa saba za chai zenye maji ya mzizi, alizozikusanya mwezi uliopita. Wanawake huziingiza chumba cha kujifungulia kwenye vikapu chini ya khanga za mtoto, wakisema ni uji.

Hakuwa na hasira nilipomhoji. Alieleza kwa utaratibu. Mzizi ule unafanya kazi, alisema, na hiyo ndiyo shida. Mwaka jana alimpokea mama ambaye uchungu wake ulionekana kulegea, akaandaa dripu ya kuuongeza. Kabla hajaifungua, mama akatapika, na matapishi yakanuka majani. Kama asingetapika, angepata dawa mbili kwa pamoja na kizazi kingepasuka. "Siogopi dawa yao," alisema. "Naogopa nisichoambiwa."

Nilimwuliza kwa nini hawamwambii. Alikiri kwamba yeye huwagombeza. Zamani aligombeza sana, sasa kidogo.

Hajawahi kuongea na Bibi Sesilia. Wanajuana kwa majina.

9 Desemba

Uani kwa Bibi kuna nyumba mbili zinazotazamana: yake, yenye jiko pembeni, na ya mwanawe Masalu, ambaye yuko Geita kwenye machimbo. Nimepima kwa miguu yangu ua ulio kati ya nyumba hizo, kwa mazoea tu: hatua kumi na nne.

Mke wa Masalu amerudishwa huku ili ajifungulie nyumbani. Anaitwa Eufrasia, miaka ishirini na nne, mimba ya miezi saba. Anaongea Kiswahili cha machimboni, haraka haraka, na anacheka kabla ya kumaliza sentensi. Mimba ya kwanza ilikuwa hukohuko Geita na mtoto hakuishi. Hayo nimeambiwa na Bibi.

Jambo la kuandika: Bibi Sesilia, aliyekwisha kushika matumbo ya wanawake wa vijiji vitano, hajalishika la mkwewe. Katika ukoo huu mama mkwe haoni mwili wa mke wa mwanawe, wala hawaongei mambo ya mwili uso kwa uso. Ukoo wa jirani hawana mwiko huo na huwacheka. Jirani, Mama Bujiku, ndiye msemaji wa pande zote mbili. Leo Bibi alikaa jikoni kwake, Eufrasia kizingitini kwake, wanaonana waziwazi. Bibi akamwambia Mama Bujiku amwulize kama mtoto anacheza. Mama Bujiku akavuka ua, akauliza, akarudi: anacheza sana, hasa akila. Bibi akasema asinyanyue ndoo. Mama Bujiku akavuka tena.

Nilimwuliza Mama Bujiku kama hachoki.

"Nikichoka mimi, hawa wataishi kama mabubu," alisema. "Wewe una miguu, siku moja utanipokea."

20 Desemba

Mvua siku tatu mfululizo. Mwigulu wa bodaboda alisukuma pikipiki kuliko alivyoiendesha. Anasema kama mimba ninayoifuatilia haizaliwi karibuni, atanidai na yeye leseni ya ukunga.

5 Januari

Wanapandikiza mpunga. Wanawake wote wako majarubani. Bibi alikwenda pia, na Mama Bujiku. Eufrasia alibaki anachambua mchele, nami nikabaki naye kumhoji: kwa nini wanawake wa umri wake, waliosoma mpaka darasa la saba na wenye simu, wanakunywa mzizi? Alijibu vizuri. Kwamba zahanati ukiwahi kufika unarudishwa nyumbani, ukichelewa unagombezwa. Kwamba mzizi unafupisha aibu ya kulia mbele ya watu. Kwamba ukiukataa, mama mkwe ataona unamkataa yeye.

Kisha akaacha ungo. Akateremsha kitenge kidogo upande wa mbele na kunionyesha kovu: la mlalo, chini kabisa, pale kitenge kinapofungiwa. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, mwaka juzi, akiwa amekwisha kufa. Madaktari walimwambia mimba inayofuata asizalie kijijini na asinywe dawa yoyote ya kuongeza uchungu. Masalu anajua, aliweka sahihi mwenyewe. Lakini nyumbani walisema mtoto alizaliwa kawaida akafa, kwa sababu huku mwanamke aliyepasuliwa huonekana ameshindwa kuzaa, na shangazi za Masalu wana midomo. Siku aliyoandikisha kadi ya kliniki kulikuwa na foleni ya wanawake arobaini. Hakukifungua kitenge. Alisema kawaida, ikaandikwa kawaida.

"Haya si ya gazetini, Mama Nassibu," alisema.

Nikafunga daftari mbele yake, nikalitia mfukoni. Nikamwambia yatabaki hapahapa, kati yetu.

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua ungo wake.

Nikamwuliza kama atamwambia Violeth. Akasema ataona. Nikamwambia afadhali amwambie. Akasema ndiyo.

6 Januari

Katika kazi hii nimewahi kukaa selo siku mbili kwa sababu ya jina ambalo sikulitaja. Aliyekuambia jambo kwa siri ndiye mwenye jambo lake. Sioni sababu ya kuanza kubadilika leo.

19 Januari

Mama Bujiku anaumwa homa. Bibi alinituma mimi: nimwambie Eufrasia apunguze kula pemba, udongo ule unamfunga tumbo. Nikavuka, nikasema, nikarudi na jibu: ameshapunguza, anakula kipande kimoja asubuhi. Bibi akaridhika. Mimi nilicheka, nikawaambia kuwa mjini watu huandikiana ujumbe wa simu wakiwa kwenye kochi moja, kwa hiyo hawana tofauti.

Eufrasia hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hakuna jingine ulilomwambia?"

Nikamhakikishia hakuna. Nilidhani namtuliza.

30 Januari

Nimemsindikiza kliniki. Violeth alisoma kadi kwa sauti huku akijaza: mimba ya pili, ya kwanza kawaida. Alinyanyua uso akamwuliza kama kuna la kuongeza. Eufrasia akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukutani, kwenye bango la chanjo.

Tukiwa njiani nilimkumbusha kwamba aliniahidi. Akasema Violeth alikuwa na watu wengi.

Wiki mbili zimebaki, kwa hesabu ya kadi.

8 Februari

Korongo limejaa. Mwigulu amenifikisha asubuhi, akasema hanirudii mpaka maji yapungue. Nimelala kwa Bibi.

11 Februari

Naandika haya hospitali mjini, kwenye benchi la nje ya wodi, saa moja jioni. Nayaandika kwa mpangilio wa saa kwa sababu ndivyo ninavyojua.

Uchungu ulimwanza Eufrasia alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Bibi alichemsha dawa, mafundo mawili, kwa mwanamke anayezaa mara ya pili. Maswali manne aliyauliza kupitia kwa Mama Bujiku, na majibu yote yalikuwa mazuri na ya kweli. Saa tatu Mama Bujiku alimpelekea nusu kikombe. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa Magesa, nyumba ya nne, kuchaji simu kwenye sola yake. Saa nne na nusu niliporudi, Mama Bujiku alikuwa akitoka mbio: tuta la jaruba lake limebomoka. Hakuniambia habari ya kikombe, wala sikuuliza.

Nilikwenda kumwona Eufrasia. Alikuwa ameshika nguzo ya kitanda. Nilimwuliza kama amekunywa kitu, akatikisa kichwa. Sikuelewa kama ni hapana au ni maumivu, na sikurudia swali. Swali ambalo hukurudia ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi mwandishi mwanafunzi.

Saa sita Bibi aliniita jikoni. Alisema sauti ya uchungu haimpendezi, inakuja lakini haisogei. Alinipa kikombe cha bati, nusu, kinatoa mvuke. "Mama Bujiku hayupo. Mpelekee wewe, anywe chote. Hiki ni cha pili."

Nilikipokea. Nikatoka nacho mvuani. Katikati ya ua nikasimama, nikaona matone yanaingia kwenye kikombe. Nilifikiria ahadi yangu, na nilifikiria kwamba nikimpelekea Eufrasia atakinywa, kwa sababu kukikataa ni kusema. Nikageuka.

"Bibi," nikasema, "alipasuliwa. Mtoto wa kwanza. Geita, mwaka juzi. Walimkataza dawa."

Moto ulikuwa unavuma chini ya chungu.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa kwanza, tarehe tano."

Akanipokonya kikombe na kukimwaga majivuni. Alinawa mikono kwa maji ya moto na sabuni ya mche, kama anavyofanya siku zote, akavuka ua, akaingia nyumba ya mkwewe bila kupiga hodi. Nilibaki mlangoni. Nilisikia sauti ya Eufrasia ikisema, "Mama, hapana, usinione," na ya Bibi ikijibu kwa Kisukuma, taratibu, maneno ambayo sikuyajua isipokuwa moja, *mayu*, ambalo ni mama. Alikuwa anamwita mkwewe mama.

Alitoka baada ya dakika chache.

"Nimemshika. Mshono unamuuma hata uchungu ukipoa. Huyu si wangu. Mwambie Magesa afunge ng'ombe."

Magesa alifunga mkokoteni. Tulimlaza Eufrasia juu ya magodoro mawili na turubai. Korongoni maji yalifika kwenye ekseli na ng'ombe wa kushoto akagoma. Bibi Sesilia alishuka, maji kiunoni, akamshika pembe na kumwongoza, huku akimtukana kwa majina ya mababu zake. Nilimpigia Violeth simu kutoka ng'ambo. Alipiga mjini kuomba gari kabla hatujafika.

Saa nane Violeth na Bibi Sesilia walikutana kwa mara ya kwanza, kila mmoja upande wake wa kitanda.

"Amekunywa nini?" Violeth aliuliza.

"Kikombe kimoja, kimejaa nusu. Saa tatu asubuhi. Cha pili nimekimwaga."

"Mzizi gani?"

Bibi alinitazama mimi, si yeye. Nikatoka nje. Sikusikia jina na sikuuliza tangu wakati huo.

Violeth aliandika fomu ya rufaa. Nilipoishika kumpa dereva wa gari la wagonjwa, niliona kwamba fomu haikuwa na sehemu ya jambo lile. Alikuwa ameliandika pembeni, wima, kwa herufi kubwa: dawa ya asili, jina, kiasi, saa. Chini yake: upasuaji wa awali, haukuandikwa kwenye kadi. Hakuwa amemgombeza mtu yeyote.

Eufrasia aliingizwa chumba cha upasuaji mjini saa kumi. Daktari alitoka saa kumi na moja kasorobo. Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Nusu saa nyingine, alisema, na hakumaliza.

Mtoto ni wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Alilia kwa kuchelewa, lakini alilia.

12 Februari

Eufrasia ameamka. Nilimsalimu. Aliitikia na kugeukia ukuta.

15 Februari

Masalu amefika kutoka Geita, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, bado liko kwenye nyusi. Alimpigia mama yake magoti kwenye korido ya wodi. Bibi alimwambia ainuke, watu wanapita.

3 Machi

Nimeandika makala. Sijaipeleka. Haina Eufrasia ndani yake, na bila yeye ni makala kuhusu mizizi.

22 Machi

Mhariri ameuliza mara mbili. Nimemwambia barabara haipitiki. Barabara inapitika.

14 Aprili

Nimerudi kijijini. Mpunga umeinama. Mwigulu aliniuliza kama nimekuja kuandika au kuzaa, nikamlipa nauli yake.

Bibi Sesilia alikuwa na mwanamke mkekani. Nilisubiri nje, nikasikia maswali. Uchungu umeanza lini. Maji. Mtoto amecheza. Dawa ya mtu mwingine. Kisha la tano, ambalo sikuwahi kulisikia: "Umewahi kupasuliwa? Jibu, kisha nitatazama mwenyewe." Baadaye aliniambia kwamba miaka yote hakuwa na sababu ya kuuliza. Waliopasuliwa hawakuwa wanakuja kwake. Aliniambia pia kwamba Violeth amempa namba ya simu, na kwamba huwa anampigia kabla ya kufungua kikapu, naye Violeth humwambia afunge, siku nyingi.

Kisha nikavuka kwa Eufrasia. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maji ya kunywa. Mtoto alikuwa mgongoni. Nilimwambia ninachojua kusema: kwamba nilivunja ahadi, na kwamba najua ana haki ya kunikasirikia.

Alinishangaa.

"Ahadi gani?"

Nikamkumbusha siku ya mchele, nilivyofunga daftari.

"Ulipolifunga nilidhani sasa umekuwa mtu wa nyumbani," alisema. "Nilidhani unakwenda kumwambia Mama. Mimi ningemwambiaje? Sisi hapa hatuambiani hivyo. Mama Bujiku ana mdomo, angepeleka kwa shangazi zake Masalu. Nikakuchagua wewe, usiye na ndugu hapa." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Kila ulipovuka ua nilingoja. Ulimpelekea habari ya pemba. Ya kovu ukaiacha. Kliniki nikakutazama, ukatazama ukuta. Nikasema basi, hata yeye ameona aibu yangu ni kubwa."

Siku thelathini na saba. Nimezihesabu sasa hivi, kutoka tarehe tano Januari hadi kumi na moja Februari. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe ya tarehe tisa Desemba, kwa mwandiko wangu, jinsi watu hawa wanavyofikishiana habari. Niliyaandika kama jambo la kuchekesha.

Sikumwambia samahani kwa mara ya pili. Nilimwuliza kama naruhusiwa kuandika yote, pamoja na upande wangu. Alifikiri. Akasema niandike, lakini nibadilishe jina la mume wake, kwa sababu wenzake wa kwenye duara, shimo lao la dhahabu, watamtania mpaka azeeke. Lake niliache.

Nilipoinuka kuondoka akaniita.

"Mama Nassibu. Daktari alisema nisibebe mimba mpaka ipite miaka miwili. Na ikija, nizalie mjini." Alitazama ng'ambo, ambako Bibi alikuwa ameketi jikoni akikunja uzi wa katani, anatuona. "Mama hajui."

Nikaweka daftari juu ya kigoda. Nikavuka ua, hatua kumi na nne, nikamwambia.